Miezi 14 kwenye barabara za vilima: je, ninasonga mbele au nimekwama?

MkimbiajiWaJioni

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu. Nina umri wa miaka 41, na kwa miezi 14 sasa nimekuwa nikikimbia siku nne kwa wiki kwa ajili ya afya na kwa kuupenda mchezo wenyewe, bila kocha na bila kikundi. Ninapoishi hakuna barabara tambarare ya kutosha. Ukitoka mlangoni ama unapanda ama unashuka. Mzunguko wangu wa kawaida una kilomita 12, na nimeukimbia mara nyingi kiasi kwamba ninakijua kila kiraka cha lami. Unaanza na mpando wa kilomita 2.1 unaoinuka mita 105, kisha zinafuata kilomita 4.5 za vilima vidogo vidogo, halafu mteremko mkali wa kilomita moja na nusu, halafu kilomita 3 za tambarare bondeni, na mwisho kabisa kuna mpando wa mita 900 ambao ndio unanirudisha nyumbani. Mipando yote ikijumlishwa ni karibu mita 230.

Nilipoanza, mzunguko huo ulinichukua saa 1 na dakika 41, tena nikitembea sehemu kubwa. Katika miezi tisa ya kwanza muda ulipungua karibu kila wiki hadi nikafika saa 1 na dakika 28, nikaamini kwamba ningefika chini ya saa 1 na dakika 20 kabla mwaka haujaisha. Haikuwa hivyo. Kwa miezi mitano sasa muda wangu uko pale pale, kati ya saa 1 na dakika 26 na saa 1 na dakika 29, nijitahidi nisijitahidi. Wenzangu wanaokimbia kwenye njia tambarare wananitajia mwendo wa dakika 6 kwa kilomita, ilhali wastani wangu ni dakika 7 na robo, na nakiri kwamba jambo hilo linanivunja moyo kuliko uchovu wenyewe.

Ninaomba mnisaidie kuelewa kama mwendo wa kila kilomita ni kipimo cha haki kwa mtu anayekimbia vilimani, na kama si cha haki, nijipime kwa nini. Ninaomba pia maoni yenu kuhusu kutembea. Kwenye mpando wa mwisho kuna nguzo za umeme kando ya barabara, na kila nifikapo nguzo ya nne miguu inakataa, ninatembea hadi ya sita ndipo ninakimbia tena. Kila mara ninapofanya hivyo ninajiona nimeshindwa. Jambo jingine ni kwamba mapaja yangu huuma sana kwa mbele, si siku ileile bali siku ya pili yake, na hasa nikishuka ngazi. Baada ya miezi mitano ninakusudia kukimbia nusu marathoni yangu ya kwanza, kilomita 21.1, nayo njia yake ina vilima.

PumziNdefu

Ndugu mleta mada, karibu, na hongera kwa kudumu miezi 14, kwa sababu wengi wanaoanzia kwenye vilima huacha kabla ya mwezi wa tatu.

Nianze na swali lako la kwanza. Hapana, mwendo wa kilomita si kipimo cha haki kwako, na kujilinganisha na mtu wa tambarare ni kujidhulumu. Mwaka 2002 mtafiti Alberto Minetti na wenzake walichapisha vipimo vya nishati ambayo mwili hutumia mtu akikimbia kwenye miinuko ya viwango mbalimbali, na namba zile zimekuwa msingi wa baadhi ya programu za michezo zinazokadiria mwendo wako ungekuwa upi kama barabara ingekuwa bapa. Kwenye mwinuko wa asilimia 5, yaani unapanda mita 5 katika kila mita 100, kila mita unayokimbia inakugharimu karibu asilimia 30 zaidi kuliko kwenye tambarare. Mwinuko ukifika asilimia 10, gharama inaongezeka kwa karibu theluthi mbili. Kwa hiyo mtu anayekimbia tambarare kwa dakika 6 kwa kilomita, akitumia juhudi ileile kwenye mwinuko wa asilimia 5 atakwenda kwa dakika 7 na sekunde 48, na kwenye mwinuko wa asilimia 10 atakaribia dakika 10. Hajazembea hata kidogo, wala hajachoka. Ni uzito wa mwili wake anaoubeba kwenda juu.

Utaniuliza: je, mteremko haurudishi kile ambacho mpando umechukua? Unarudisha kiasi. Kwenye mteremko wa asilimia 5 gharama inapungua kwa karibu robo, na inaendelea kupungua hadi kwenye mteremko wa karibu asilimia 20, ambapo inakuwa nusu tu ya gharama ya tambarare, kisha inaanza kupanda tena kwa kuwa mwili unatumia nguvu nyingi kujizuia. Lakini hizo ni hesabu za pumzi. Miguu nayo ina hesabu zake, na wengi wetu hatuwezi kushuka kwa kasi ambayo mapafu yangeturuhusu.

Kabla sijasema zaidi, ninaomba utupe muda wa kila kipande cha mzunguko wako, si jumla peke yake. Umeugawanya vizuri katika vipande vitano, na saa yako bila shaka imehifadhi kumbukumbu. Utupe pia mapigo ya moyo kama inayapima. Jumla ya muda huficha mambo mengi.

MkimbiajiWaJioni

Ahsante sana. Nimekaa na saa yangu jioni hii na kuchukua siku moja ya juma lililopita ambayo ni ya kawaida kabisa. Mpando wa kwanza wa kilomita 2.1 ulinichukua dakika 16 na sekunde 40. Kilomita 4.5 za vilima vidogo zilichukua dakika 30 na sekunde 50. Mteremko wa kilomita 1.5, dakika 10 kamili. Tambarare ya kilomita 3, dakika 21 na sekunde 15. Mpando wa mwisho wa mita 900, pamoja na kutembea kwangu, dakika 8 na sekunde 30. Jumla ni saa 1, dakika 27 na sekunde 15. Mapigo ya moyo yalikuwa wastani wa 164 kwa dakika, lakini kilichonishangaza ni kwamba nilipofika kilele cha mpando wa kwanza yalikuwa tayari 179, na baada ya hapo hayakushuka chini ya 160 hata kwenye mteremko.

PumziNdefu

Hapo ndipo tatizo lilipojificha, na ninafurahi kwamba umelitoa mwenyewe.

Tazama mpando wako wa kwanza. Mita 105 ndani ya kilomita 2.1 ni asilimia 5 kamili. Umeukimbia kwa dakika 7 na sekunde 56 kwa kilomita. Ukigawanya kwa 1.3, yaani kwa kuliondoa lile ongezeko la asilimia 30, unapata dakika 6 na sekunde 6. Maana yake ni kwamba, mwili ukiwa bado baridi, dakika ya kwanza kabisa ya mazoezi, unatumia juhudi ya mtu anayekimbia tambarare kwa 6:06. Sasa tazama tambarare yako ya bondeni: kilomita 3 kwa dakika 21 na sekunde 15, yaani dakika 7 na sekunde 5 kwa kilomita. Kama kweli 6:06 ungekuwa mwendo wako, bondeni ungekimbia karibu na hapo. Unaanza kwa mwendo usio wako, unalipa deni hilo kwa saa nzima inayofuata, na malipo ya mwisho unayafanya pale kwenye nguzo ya nne.

Kwa hiyo ninavyoona, hujakwama kwa kukosa uwezo. Uwezo umeongezeka, ila kila unapoongezeka unautumia wote kwenye kilomita mbili za kwanza. Ninapendekeza mpando ule uukimbie kwa dakika 18 na nusu, hata kama utahisi unajizuia kupita kiasi. Kipimo rahisi ni pumzi: uweze kutamka sentensi nzima bila kukatika katikati. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza hatua. Na kama kupunguza hatua hakutoshi, tembea. Kuna mwinuko ambao kutembea kwa haraka na kukimbia kwa kujikokota vinatoa mwendo uleule, huku kutembea kukikugharimu pungufu. Wakimbiaji wa mbio ndefu za milimani, wale wanaoshinda mashindano, hutembea kwenye miinuko mikali kwa uamuzi wao. Kutembea ulikokupanga kabla hujachoka ni mbinu. Ubaya wa nguzo yako ya nne ni kwamba hukuichagua wewe.

ChumaChaReli

Mimi ninatofautiana kidogo na ndugu hapo juu. Vilima vinajenga nguvu kwa sababu ni vigumu, na mtu akianza kujibembeleza kwenye kila mpando atapoteza faida iliyomleta pale. Mimi nilivunja ukuta wangu kwa kuushambulia mpando mmoja kila siku hadi ukaacha kunitisha. Mleta mada ana miaka 41, si 70. Ajikaze.

KochaWaZamani

Ndugu ChumaChaReli amesema neno lenye ukweli ndani yake, lakini amelipeleka mahali pasipo pake, na ninaomba niliweke sawa kwa heshima. Kushambulia mpando ni zoezi zuri sana. Kushambulia mpando kila siku, ndani ya mbio inayodumu saa moja na nusu, ni kuchanganya mazoezi mawili katika moja na kukosa faida ya yote mawili.

Mkimbiaji wa masafa anajenga vitu vya aina mbili. Kimoja ni uwezo wa moyo, mishipa midogo ya damu na misuli kutumia oksijeni kwa muda mrefu, na hicho hujengwa kwa dakika nyingi za mwendo mwepesi. Kingine ni nguvu ya miguu na uwezo wa kustahimili kasi, na hicho hujengwa kwa vipande vifupi vikali vyenye mapumziko kati yake. Mleta mada anakimbia siku nne kwa wiki, na kwa maelezo yake siku zote nne zinafanana: si nyepesi kiasi cha kujenga msingi, wala si kali kiasi cha kujenga nguvu. Katika miaka yangu ya kufundisha, hili ndilo kosa nililolikuta mara nyingi kuliko jingine lolote kwa watu wanaokimbia peke yao, na vilima hulizidisha, kwa kuwa kilima kinaugeuza mwendo mwepesi kuwa mkali bila mtu kujua.

Ningemshauri apange juma lake hivi. Siku mbili ziwe nyepesi kweli, hata kama wenzake wangemcheka kwa jinsi anavyokwenda polepole kwenye mipando. Siku moja iwe ya kilima: apashe mwili joto kwa robo saa, kisha achague mpando wa asilimia 5 hadi 8 na kuupanda mara 6 kwa sekunde 60 hadi 90 kila mara, kwa nguvu lakini bila kuvunja mkao, huku akirudi chini kwa kutembea hadi pumzi itulie. Siku ya nne iwe ya safari ndefu, ianze na hizo kilomita 12 na kuongezeka kilomita moja kila wiki, na kila wiki ya nne ipunguzwe ili mwili ujirekebishe. Mashambulizi anayoyataka ndugu ChumaChaReli yamo humo, siku moja tu, na siku hiyo ashambulie kwa moyo wote.

Nitoe mfano, kwa sababu namba peke yake hazimtii mtu moyo. Arthur Lydiard, kocha wa New Zealand, alikuwa na mzunguko wa vilima wa maili 22, karibu kilomita 35, nje kidogo ya jiji la Auckland, ambao wakimbiaji wake waliukimbia siku za Jumapili. Katika kundi hilo alikuwamo Peter Snell, ambaye mbio yake kuu ilikuwa mita 800 tu. Tarehe 2 Septemba 1960, katika Michezo ya Olimpiki ya Roma, Snell alishinda mita 800, na siku hiyohiyo mwenzake Murray Halberg akashinda mita 5,000. Lydiard hakuwakimbiza vilima vile kwa ukali kila siku. Kwanza aliwajengea msingi wa wiki nyingi za masafa, kisha ndipo likaja kipindi maalumu cha mazoezi ya kuruka na kupanda vilima, na kasi ya uwanjani ikafuata baadaye. Mpangilio huo ndio uliofanya kazi.

Jambo moja la tahadhari. Kupanda kunavuta sana vigimbi na ile kano kubwa iliyo juu ya kisigino. Ukiamka asubuhi na kuhisi kano hiyo imekakamaa, na hatua za kwanza kutoka kitandani zinauma, ondoa zoezi la kilima wiki hiyo, usisubiri hadi maumivu yakufuate barabarani.

HatuaFupi

Wote wamezungumzia kupanda, nami ninaomba nizungumzie kushuka, kwa sababu ndiko nilikoumia na ndiko nilikojifunza.

Ndugu mleta mada, maumivu unayoyasikia mbele ya mapaja siku ya pili hayatoki kwenye mipando. Yanatoka kwenye ule mteremko wa kilomita moja na nusu. Unapopanda, msuli wa mbele wa paja unajikunja huku ukisukuma. Unaposhuka, msuli uleule unalazimika kurefuka huku ukibeba mzigo, kama mtu anayeteremsha gunia zito polepole badala ya kuliachia lidondoke, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayochubua nyuzi za misuli. Maumivu yake hayaji papo hapo. Huanza baada ya nusu siku au siku moja, hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha huisha.

Habari njema ni kwamba msuli una kumbukumbu. Ukishauteremsha mlima mara moja kwa kiasi, mara ya pili maumivu huwa pungufu kuliko ya kwanza, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Sasa jiulize, kama unashuka mteremko uleule kila wiki kwa miezi 14, kwa nini bado unaumia? Mimi nilijiuliza hivyo na jibu nilikuja kulipata siku moja nilipotazama soli za viatu vyangu. Sehemu ya nyuma ya kisigino ilikuwa imelika hadi ikawa na mkato kama wa ndizi iliyoumwa, ilhali sehemu ya mbele ilikuwa bado ina meno yake yote. Nilikuwa nikishuka kwa kurusha mguu mbele kabisa, goti likiwa limenyooka, na kugonga kisigino chini kama breki. Kila hatua ilikuwa ya kujizuia. Unashuka kwa dakika 6 na sekunde 40 kwa kilomita, mahali ambapo hesabu za ndugu PumziNdefu zinakuruhusu kwenda haraka zaidi bila kuhema. Nina hakika unajizuia.

Nilichobadilisha ni kidogo. Nilifupisha hatua na kuziongeza idadi, nikahakikisha mguu unatua chini ya mwili wangu na si mbele yake, goti likiwa limelegea kidogo. Kiwiliwili kilikuwa kikiegemea nyuma kwa woga. Nikakiacha kielekee mbele pamoja na barabara, si kwa kujikunja kiunoni bali mwili mzima kuanzia vifundo vya miguu. Mikono niliiachia itanuke kidogo kwa ajili ya kujisawazisha. Macho niliyapeleka mita 10 hadi 15 mbele badala ya kwenye ncha za viatu. Wiki mbili za kwanza nilifanya hivyo kwenye mteremko mpole wa asilimia 3 au 4 tu, kwa mita 200 kila mara, kisha nikaenda kwenye ule mkali. Tafadhali usianzie kwenye mteremko wako mkali.

Hata wakimbiaji wakubwa huadhibiwa na mteremko. Mbio za marathoni za Boston zinashuka karibu mita 140 kutoka mwanzo hadi mwisho, na ndiyo sababu mojawapo muda wa saa 2, dakika 3 na sekunde 2 aliouweka Geoffrey Mutai wa Kenya mwaka 2011 haukuhesabiwa kuwa rekodi ya dunia, kwani kanuni huruhusu mteremko usiozidi mita 1 kwa kila kilomita. Pamoja na hayo, njia ile ina sifa ya kuvunja watu, si ya kuwarahisishia. Kuna kilima karibu na kilomita ya 33 ambacho si kirefu wala si kikali sana, lakini miguu inafika pale ikiwa imekwisha kutwangwa na mteremko wa kilomita za mwanzo. Kwa hiyo unapofikiria nguzo yako ya nne, usiulaumu mpando peke yake. Unafika pale ukiwa umetoka kwenye breki za kilomita moja na nusu.

PumziNdefu

Naunga mkono kila neno la HatuaFupi. Niongeze dogo kuhusu kujipima, kwa kuwa sikulimaliza. Usiziamini sana mita za kupanda zinazoonyeshwa na saa, hasa kama saa inategemea setilaiti peke yake na haina kipima shinikizo la hewa, kwa maana inaweza kukupa namba mbili tofauti kwa barabara ileile. Afadhali uchague kipande kimoja kisichobadilika, kama ule mpando wako wa kwanza, ukipande mara moja kila baada ya wiki tatu kwa kiwango kilekile cha mapigo ya moyo, tuseme 155, na uandike muda. Muda ukipungua huku mapigo yakibaki yaleyale, umesonga mbele, hata kama jumla ya mzunguko haijabadilika. Fanya hivyo saa ileile ya siku, kwani joto peke yake linaweza kupandisha mapigo kwa kiasi kikubwa na kukufanya udhani umerudi nyuma.

ChumaChaReli

Nimemsoma Kocha na nimekubali. Nilipokumbuka vizuri, kipindi kile nilichokuwa nikiushambulia mpando kila siku nilikuwa nikikimbia kilomita 4 tu, si 12. Samahani kwa kumhimiza mwenzangu jambo ambalo hali yake hailihitaji.

MkimbiajiWaJioni

Ndugu zangu, zimepita wiki kumi tangu mlipoandika, na niliona si vyema kurudi kabla sijawa na jambo la kueleza.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa ngumu kwa namna ambayo sikuitarajia. Kupanda ule mpando wa kwanza kwa dakika 18 na nusu kulinitia aibu. Siku mbili nilipitwa na watu waliokuwa wakitembea wakizungumza, au angalau nilijiona hivyo. Nilikuwa nikisema sentensi moja kwa sauti kila baada ya dakika chache ili kupima pumzi. Muda wa mzunguko ulipanda hadi saa 1 na dakika 31, nikakaribia kuacha. Kilichonizuia ni kwamba kwa mara ya kwanza nilifika bondeni nikiwa na hamu ya kukimbia.

Zoezi la kilima nililifanya kila Jumatano, isipokuwa wiki ya sita ambapo kano ya kisigino cha kushoto iliamka imekakamaa, nikatii ushauri wa Kocha na kuliacha. Wiki iliyofuata ilikuwa sawa. Kuhusu kushuka, nilitazama soli zangu usiku uleule niliposoma maneno ya HatuaFupi, na zilikuwa zimelika nyuma, ya kulia zaidi kuliko ya kushoto. Nimeshafanya mazoezi ya hatua fupi kwenye mteremko mpole, na tangu wiki ya tano mapaja hayajauma tena kiasi cha kunifanya nishike ukuta ninaposhuka ngazi.

Jumamosi iliyopita, baada ya siku mbili za kupumzika, nilikimbia mzunguko mzima kwa kujitahidi, lakini kwa mpangilio mliotoa. Mpando wa kwanza, dakika 18 na sekunde 20. Vilima vidogo, dakika 29 na sekunde 20. Mteremko, dakika 9. Tambarare, dakika 19 na nusu, yaani dakika 6 na nusu kwa kilomita, mwendo ambao sijawahi kuushika pale bondeni. Mpando wa mwisho, dakika 7 na nusu. Jumla ni saa 1, dakika 23 na sekunde 40. Mwanzoni nilitumia dakika moja na sekunde 40 zaidi ya zamani, na mwishoni nimeokoa zaidi ya dakika tatu na nusu. Wastani wa mapigo ulikuwa 158. Mpando wa kwanza kwa mapigo 155, ambao nimeupima mara tatu, umeshuka kutoka dakika 19 na sekunde 35 hadi 18 na sekunde 50, kisha 18 na sekunde 15.

Na nguzo ya nne niliipita nikikimbia. Sikuwa na nguvu nyingi, nilikuwa nikihesabu hatua kwa makundi ya ishirini, lakini nilipoitazama tena ilikuwa nyuma yangu.

Sasa nina swali moja. Safari yangu ndefu imefika kilomita 17, na nusu marathoni imebaki wiki kumi na moja hivi. Je, ni lazima nifike kilomita 21 katika mazoezi kabla ya siku yenyewe?

KochaWaZamani

Si lazima. Fika kilomita 18 au 19 mara mbili au tatu, kwenye njia yenye mipando inayofanana na ile ya siku ya mbio, ya mwisho iwe wiki mbili au tatu kabla. Katika siku kumi za mwisho punguza urefu wa kila mazoezi lakini usiache kukimbia kabisa, na zoezi la kilima la mwisho liwe siku kumi kabla, si karibu zaidi ya hapo, kwa sababu mapaja yanahitaji muda wa kupona. Tafuta mchoro wa njia mapema ujue mipando iko kilomita zipi. Ukigundua kwamba inaanza na mpando, tayari unajua la kufanya, kwa maana umeufanyia mazoezi kwa wiki kumi.

HatuaFupi

Na kama inaanza na mteremko, uwe mwangalifu maradufu, hata kama watu wote wanakupita. Utatuambia ilivyokwenda. Kama viatu vyako vimelika nyuma kiasi hicho, nunua vingine sasa uvizoee, usisubiri hadi wiki ya mbio.